Ukungu wa San Andreas

Mlima Chiliad ndio mrefu kuliko yote katika jimbo la San Andreas. Tangu gemu la Grand Theft Auto: San Andreas litoke Oktoba 2004, vijana wa kila pembe ya dunia wameupanda kwa pikipiki, kwa baiskeli, hata kwa miguu, na wengi wao bila sababu yoyote ya maana. Kileleni ulikuwa huoni mbali. Msitu wa chini ulififia, barabara ikamezwa na weupe wenye rangi ya machungwa kidogo, na huko kusikoonekana ulijua tu kwamba ipo miji mitatu: Los Santos ulikotoka, San Fierro ya ukungu na madaraja, na Las Venturas ya jangwani. Novemba 2021 kampuni ya Rockstar Games ililitoa gemu hilo upya kwa konsoli za kisasa, pamoja na ndugu zake wawili, Grand Theft Auto III na Vice City. Safari hii aliyepanda Chiliad aliona kila kitu. Alisimama pale juu akatazama majengo ya San Fierro, akageuza shingo, akaona maghorofa ya Los Santos yako palepale karibu. Jimbo lililowachosha watu kwa ukubwa lilikuwa, kumbe, kipande cha ardhi ambacho jogoo wa upande mmoja angesikika upande wa pili.

Hakuna aliyeipunguza ardhi. Kilichoondolewa ni ukungu.

PlayStation 2, iliyoingia sokoni Japani Machi 2000, ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, na nyingine 4 kwa ajili ya picha. Picha chache tu zilizopigwa kwa simu ya leo zingeijaza yote. Katika nafasi hiyo mafundi wa Rockstar North, kule Edinburgh, walitakiwa kuweka jimbo zima lenye miji, mashamba, jangwa na bahari. Halikuenea, wala hawakulilazimisha lienee. Walichofanya ni kuifanya mashine isome diski bila kupumzika: mtaa ulio mbele yako unavutwa kutoka kwenye DVD, mtaa uliouacha nyuma unatupwa. Mchezaji angeweza kuona mbali, angeona pia mahali ambapo dunia bado haijafika. Kwa hiyo wakashusha pazia. Nyuma ya ukungu ule nyumba zilikuwa zikisimikwa haraka haraka, miti ikipandwa, magari yakiwekwa barabarani, na wewe umekanyaga mafuta huna habari. Barabara za mashambani nazo zilipinda na kuzunguka vilima, ukatumia dakika nzima kufika upande wa pili wa kilima ambacho ungekikata moja kwa moja kwa sekunde chache.

Na hapo ndipo ufundi ulipojificha. Kisa cha gemu kimewekwa mwaka 1992, na Los Santos ni Los Angeles kwa jina la kupanga, mji uliokuwa maarufu kwa moshi wa magari uliotanda juu yake. Waundaji wakaupaka ukungu wao rangi ya machungwa, na jambo lililoanza kama uhaba wa kumbukumbu likawa hali ya hewa. Likawa jioni. Aliyelicheza wakati ule hawezi kuukumbuka mtaa wa Grove Street bila ule mwanga mzito, kana kwamba jua la saa kumi na moja limekwama juu ya mtaa na limekataa kuzama.

Toleo la 2021 lilikabidhiwa kwa studio ya Grove Street Games, ambayo awali iliitwa War Drum Studios na ndiyo iliyokuwa imelihamishia gemu hilo kwenye simu. Nyenzo zilitokana na matoleo yale ya simu. Mvua ikawa mistari myeupe iliyokoza hivi kwamba dereva hakuona aendako, na juu ya maji ikakatika ghafla. Picha za zamani zilipitishwa kwenye programu za kukuza na kusafisha, na programu hizo, kama msaidizi mwenye bidii asiyejua kazi inahusu nini, zikasafisha mpaka maana. Kulikuwa na duka la donati liitwalo Tuff Nut Donuts, na kwenye bango lake kulikuwa na nati ya chuma, ile ya pembe sita. Mzaha wa fundi mmoja, bila shaka. Programu ikaona pembe, ikazilainisha, nati ikawa kiduara. Siku chache baada ya gemu kutoka, Rockstar waliomba radhi hadharani.

Wengi walisema ni ulafi tu, na sitawatetea walioweka bei ya dola 60. Lakini ulafi haufafanui ukungu. Kuuondoa kulikuwa na mantiki yake. Mtu amepewa mashine yenye nguvu mara mia kadhaa, ameambiwa aliboreshe gemu la zamani, anaona kuna kitu kinachomzuia mchezaji asione mbali, na anajua kitu hicho kiliwekwa kwa sababu ya udhaifu wa mashine. Udhaifu umekwisha. Kwa nini kinga yake ibaki? Ni hoja ambayo ningeshindwa kuijibu mezani, kabla ya kupanda mlima.

Walioiona hatari ya kuondoa ukungu kabla ya wengine wote ni mashabiki wa gemu la Silent Hill. Mwaka 1999, kwenye PlayStation ya kwanza, kikundi cha Konami kilichojulikana kama Team Silent kilikuwa na shida ileile kwa ukali zaidi: mashine isingeweza kuchora mtaa mzima wa mji. Wakaujaza ukungu na giza, wakampa mchezaji tochi na redio ndogo inayokwaruza kila zimwi linapokaribia. Sasa hebu fikiria: unasikia redio, huoni kitu. Udhaifu wa mashine ulikuwa umeandika hofu ambayo mwandishi yeyote wa hadithi za kutisha angeitamani. Sehemu ya pili ilipotoka mwaka 2001, kwenye PlayStation 2 iliyokuwa na uwezo wa kuona mbali zaidi, hawakuupunguza ukungu. Waliuongeza, wakaufanya ujiviringe na kutembea. Walikuwa wamekwisha kujua kwamba ndio mhusika mkuu wao.

Mwaka 2012 Konami wakatoa mkusanyiko wa Silent Hill 2 na 3 wenye picha safi, kazi iliyofanywa na studio ndogo ya Hijinx. Ukungu ukawa mwepesi, kwingine ukakosekana kabisa, na mchezaji akaona kingo ambapo mandhari yaliyochorwa yaliishia. Mji wa mashaka ukawa seti ya filamu iliyoachwa wazi mchana. Maelezo yaliyotolewa baadaye na mzalishaji wake, Tomm Hulett, yananishughulisha kuliko lawama zote: msimbo waliokabidhiwa haukuwa ule wa mwisho. Konami hawakuwa wameuhifadhi. Studio ilipewa kazi ambayo haijakamilika, ikajikuta inatibu maradhi ambayo Team Silent walikuwa wameyatibu miaka kumi kabla, na mengine mapya juu yake.

Huu si mkasa wa Konami peke yao. Square Enix walipotaka kulitoa upya Kingdom Hearts la 2002, ambalo lilirudi madukani mwaka 2013, data za asili zilikuwa zimepotea, wakalazimika kuchota walichoweza kutoka kwenye diski iliyouzwa na kutengeneza upya mengine. Mtu atauliza: diski ipo, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba diski ina maelekezo yaliyokwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine moja, na mashine ile haitengenezwi tena. Kilichoandikwa na binadamu, pamoja na michoro mikubwa kabla haijabanwa na sauti kabla hazijapunguzwa, kilikuwa kwenye kompyuta za ofisini. Gemu likishatoka, watu walihamia kazi nyingine, kompyuta zikafutwa zipokee mradi unaofuata. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu atakirudia kitu cha mwaka juzi. Biashara yenyewe ilifundisha watu kudharau cha juzi. Konsoli mpya huuzwa kwa kuifanya ya zamani ionekane mzigo.

Kisa cha Space Invaders ni kifupi na kinatosha. Tomohiro Nishikado alilitengeneza mwaka 1978 kwa kampuni ya Taito, na mashine yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba wavamizi wote wakiwa hai, ilichukua muda kuwachora. Kadiri ulivyowaua, wachache waliobaki walichorwa upesi zaidi, wakakimbia zaidi. Nishikado aliliona hilo, akaliacha. Ule mshtuko wa mwisho, mvamizi mmoja akipita mbio na mkono wako ukitetemeka, ulitoka kwenye kichakataji kilichopumua baada ya kutua mzigo. Anayelihamishia gemu hilo kwenye mashine ya leo hana budi kuuandika udhaifu ule kwa mkono, mstari kwa mstari.

Hata kioo cha televisheni kilikuwa sehemu ya kazi. Zile TV za chogo, ambazo leo zinakaa stoo zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu, hazikuonyesha nukta kali kama TV bapa. Zilivuja rangi kidogo, nukta moja ikamgusa jirani yake. Wachoraji walijua. Maporomoko ya maji katika Sonic the Hedgehog, mwaka 1991, yamechorwa kwa mistari ya wima inayopishana, mmoja upo mmoja haupo. Kwa waya wa kawaida na TV ya chogo mistari ile ilichanganyika, ukaona maji angavu ambayo nyuma yake kuna mwamba. Kwenye TV bapa ya leo unaona kitu kama wavu wa dirisha. Na bunduki ya Duck Hunt, ambayo watoto wengi wa huku Afrika Mashariki waliijua kupitia mashine za kuiga zilizotoka Asia, haifanyi kazi kabisa. Ulipovuta kifyatulio skrini ilizimika kwa kufumba na kufumbua, penye bata pakawaka kiboksi cheupe, na jicho lililomo ndani ya bunduki likatazama kama limeelekezwa kwenye mwanga. Hesabu yote ilitegemea kasi ya TV ya chogo. TV mpya huchelewa kidogo tu, na kuchelewa huko kunatosha kumwokoa bata milele. Nintendo walipolirudisha gemu hilo kwenye Wii U mwaka 2014, mchezaji alilenga kwa rimoti ya Wii.

Nikifika hapa huwa najiona nimeanza kuabudu kasoro, na hilo nalo ni ugonjwa. Si kila udhaifu ulikuwa ufundi. Shadow of the Colossus la 2005 lilikuwa likiielemea PlayStation 2 hadi picha zinakokota miguu, na sijakutana na mtu anayeudhika kwamba toleo la 2018, lililojengwa upya na studio ya Bluepoint, linakimbia vizuri. Muda mrefu wa kusubiri gemu lipakie ulikuwa ni kusubiri tu. Kadi ya kumbukumbu iliyofuta safari ya mtu haikuwa sanaa. Anayetaka vyote hivyo virudi anautaka ujana wake, na ujana wake hakuna konsoli inayoupokea.

Sasa nani aamue kipi ni ukungu na kipi ni mkwamo? Jibu ninalolipenda lilikwisha kupatikana zamani, na ni kitufe kimoja. Secret of Monkey Island la mwaka 1990 lilipotolewa upya 2009, mchezaji aliweza kubonyeza na kurudi papo hapo kwenye picha za zamani, kisha mpya tena, mara nyingi atakavyo. Halo ya kwanza ilifanya hivyo mwaka 2011. Tomb Raider tatu za mwanzo zilifanya hivyo Februari 2024. Kitufe hicho kina adabu ambayo hotuba za matangazo hazina: kinakubali kwamba mrekebishaji anaweza kuwa amekosea, na kinamwachia mchezaji ushahidi. Mashabiki wa Halo walikitumia vizuri. Walibonyeza wakiwa kwenye kinamasi chake cha kutisha, wakaonyeshana kuwa picha mpya zimewasha taa mahali palipotakiwa giza.

Kwa hiyo sina ugomvi na koti jipya. Ugomvi wangu uko kwenye kuchoma la zamani. Oktoba 2021, wiki chache kabla ya toleo jipya la San Andreas, matoleo yake ya awali yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, pamoja na lile la PlayStation 2 lililokuwa likiuzwa kwa PlayStation 4, ukungu wake wote ukiwamo. Mtu asingeweza kulinganisha hata kama angetaka kulipa. Ombi la radhi lilikuja na ahadi ya kurudisha matoleo ya zamani ya kompyuta. Ya konsoli hayakutajwa. Nintendo nao waliuza Super Mario 3D All-Stars kuanzia Septemba 18, 2020 hadi Machi 31, 2021, kisha wakaliondoa sokoni, kwa gemu ambalo sehemu yake kubwa ni faili tu, kitu kisichooza. Duka la Wii lilifungwa Januari 2019, na maduka ya Wii U na 3DS Machi 2023. Mwaka huohuo 2023, utafiti wa Video Game History Foundation ulionyesha kwamba asilimia 87 ya magemu yaliyotoka Marekani kabla ya 2010 hayapatikani tena kwa kununua kihalali. Maktaba ziliomba ruhusa ya kuwafikishia watafiti magemu hayo kwa mtandao. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa.

Asilimia 87 ni hesabu ya Marekani, kwenye maduka, risiti na dhamana. Huku kwetu wengi wetu hatukulinunua San Andreas dukani hata mara ya kwanza. Tulilikuta bandani, kwenye PS2 iliyotiwa chipu, diski yake imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, nusu saa unalipa, ikiisha mwenye banda anakugusa bega. Hadithi ya mhusika mkuu, Carl Johnson, na mauaji ya mama yake ilipita pembeni. Hapakuwa na muda wa hadithi kwenye nusu saa. Palikuwa na karatasi ya daftari yenye vitufe vya siri. R1, R2, L1, R2, kisha kushoto, chini, kulia, juu, mara mbili: silaha. Badilisha kitufe cha nne kiwe X: fedha na afya. Waliozikariri wakati ule bado wanazo kwenye vidole, na vidole hivyo havikuuliza diski imetoka wapi.

Diski zile zilikuwa haramu, hilo halina ubishi. Ila nikizitazama leo naona kwamba zilibeba San Andreas kama lilivyotoka 2004, lenye jua lake lililokwama na nyimbo za redio ambazo matoleo ya baadaye yamezipoteza kwa sababu leseni zake zimekwisha. Mwenye mali aliharibu nakala yake. Mwizi anayo safi. Sijui mwanasheria atalipanga vipi jambo hilo, na nina hakika mwenye banda hakujiona mhifadhi wa chochote zaidi ya wateja wake.

PlayStation Classic ya Desemba 2018, kiboksi kidogo chenye magemu 20, iliwakasirisha Wamarekani kwa sababu baadhi ya magemu, Tekken 3 likiwamo, yaliwekwa toleo la PAL, la hezi 50 badala ya 60, na kwao yakaonekana yanatambaa. PAL ndio uliokuwa mfumo wa televisheni wa Kenya, Tanzania na Uganda. Nilisoma malalamiko yale nikacheka peke yangu. Walau mara moja, kwa bahati mbaya, mtu alikuwa ametoa upya utoto wa upande wetu.

Novemba 2024, miaka mitatu baada ya aibu, San Andreas mpya ilipata marekebisho makubwa, na ndani yake kukawa na chaguo la mwanga wa zamani. Ukilichagua, anga hurudi na rangi yake na umbali hufifia tena. Nguvu ya mashine sasa inatumika kuigiza unyonge wa ile ya kwanza, na inaigiza vizuri. Ni karibu na kitufe nilichokisema. Nimelifurahia.

Lakini gemu lililojaza mabanda yetu kuliko San Andreas halina toleo jipya linalokuja. Ni mpira: Winning Eleven, au Pro Evolution Soccer, hasa la sita la mwaka 2006, ambamo Adriano wa Inter alikuwa na shuti la 99 kwa mguu wa kushoto na kila banda lilikuwa na sheria yake ndogo kuhusu nani anaruhusiwa kuchukua Inter. Konami hata wakati ule hawakuwa na haki zote. Liverpool iliitwa Merseyside Red. Mafundi wasiojulikana walizifumua diski zile, wakarudisha majina ya klabu, wakaweka usajili mpya, wakaziuza tena. Leo ili kuuza gemu lile upya ingebidi kutafutwa kila klabu, kila ligi, kila mchezaji aliyestaafu, kila wimbo, mkataba kwa mkataba. Hakuna kampuni itakayofanya hesabu hiyo. Wa San Andreas waligombania ukungu wakarudishiwa. Anayemtaka Adriano yule atafute PS2 yenye chipu, diski ya magendo isiyo na mikwaruzo mingi, na fundi anayejua bado kubadilisha lenzi.